Donatos ilitokaje duka moja la piza hadi maduka zaidi ya mia? Naomba historia yake

Mwokaji wa Shangani, Mtwara

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Ninaendesha duka dogo la mikate na piza hapa Shangani, na huu ni mwaka wa sita tangu niliwashe tanuri kwa mara ya kwanza. Nilianza na mikate, skonzi na maandazi ya asubuhi. Piza iliingia baadaye kwa kuombwa na wageni waliokuja kwa kazi za gesi na za bandari, kisha wenyeji wenyewe wakaizoea, hasa ile ya pweza na ile ya kuku wa nazi, na leo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Sasa ndugu mmoja wa Masasi, mfanyabiashara wa siku nyingi, amenifuata akitaka kufungua duka kwa jina langu: yeye atoe chumba na mtaji, mimi nitoe jina, maelekezo na ufundi. Mwingine wa Lindi amezisikia habari hizo na ameleta ombi lile lile.

Nikitafuta mfano wa kuniongoza nimekutana na kampuni ya Donatos ya jimbo la Ohio, Marekani, ambayo ni kubwa kwao na katika majimbo ya jirani, lakini haikupata kuenea kama Pizza Hut wala Domino's. Nimesoma kwamba ilianza kwa duka moja mwaka 1963, ikaja kuuzwa kwa McDonald's, kisha mwenyewe akainunua tena. Hapo pa kuuza na kununua tena ndipo paliponitatiza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupokea fedha yake sioni kwa nini arudi kubeba mzigo ule ule.

Naomba mwenye kuijua historia hiyo anieleze kwa kirefu, na hasa anieleze waliwezaje kuifanya piza ya duka la hamsini ifanane na ya duka la kwanza, maana mimi, siku ambazo siko jikoni, hata piza ya mchana na piza ya jioni za duka hili hili hazifanani.

Msomaji wa Mikindani

Ndugu Mwokaji, niliishi Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, kwa miaka minne ya masomo, na piza ya Donatos ndiyo iliyokuwa chakula chetu usiku wa kuamkia mitihani. Nitakueleza ninachokijua, na pale nitakapotoa maoni yangu nitasema kwamba ni maoni.

Jim Grote alikuwa bado mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Ohio State alipolinunua duka hilo mwaka 1963, upande wa kusini wa Columbus, kwa dola 1,300 za mkopo wa kifamilia. Angalia kwamba hakulianzisha kutoka sifuri, bali alilinunua likiwa na jina lake. Piza yenyewe alikwisha kuijua, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi katika duka la piza tangu ujana wake. Kwa hiyo alichonunua hasa ni nafasi ya kuifanya kazi anayoijua kwa namna anayoiamini, na imani yake ilikuwa moja, kwamba mteja aliyekula piza Jumatatu akirudi Ijumaa aikute ni ile ile.

Maneno hayo kila mwenye duka huyasema. Tofauti ya Grote ni kwamba aliyageuza kuwa hesabu. Katika duka la kawaida mpishi hutia soseji na jibini kwa kukadiria kwa mkono, na mkono wa mpishi mkarimu si sawa na mkono wa mpishi mchoyo. Donatos walipima na kuhesabu. Piza yao ina ukoko mwembamba, viungo hufika hadi ukingoni kabisa, hukatwa vipande vya mstatili badala ya pembe tatu, na ile kubwa ya peperoni huwekwa vipande vya soseji visivyopungua 100. Nilivihesabu siku moja pamoja na wenzangu, nikavikuta.

Lakini huwezi kumwambia mpishi aweke vipande 100 ikiwa kimoja ni kinene kama sarafu mbili na kingine kimeanguka kama karatasi. Uzito utabadilika, mafuta yatabadilika, na hesabu itakuwa ya jina tu. Hapa ndipo ninapoona kiini cha historia nzima. Grote alitafuta njia ya kukata soseji kwa unene mmoja na kuipanga juu ya piza kwa mashine, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni nyingine kabisa, Grote Company, mwaka 1972, inayotengeneza mashine za kukatia vyakula na kuwauzia watengenezaji wengine. Mwenye duka la piza alipata biashara ya pili kwa sababu alikataa kuridhika na kisu. Na ukitazama miaka utaona mpangilio wake: mashine ilikuja mapema, wakati kampuni ilikuwa ingali ya mjini kwake, ilhali kuwaruhusu watu wengine kufungua maduka kwa jina la Donatos kulikuja karibu miongo miwili baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yeye aliimaliza kazi ya kufananisha piza kwanza, ndipo akaligawa jina.

Mwaka 1999, maduka yakiwa yamepita 140, familia iliiuza kampuni kwa McDonald's. Kampuni hiyo ilikuwa katika kipindi cha kukusanya majina mengine ya chakula, kwani mwaka mmoja kabla ilikuwa imeweka fedha katika Chipotle, na mwaka 2000 ikaichukua Boston Market. Kwa familia ya Grote ulikuwa mlango wa kukua haraka kwa mtaji wa mwingine. Ila mwenye mtaji akiwa na kazi yake kubwa mahali pengine, siku kazi hiyo ikiyumba, wewe ndiwe wa kwanza kuachwa. Kufikia 2003 McDonald's iliamua kurudisha nguvu zake kwenye baga, na Desemba ya mwaka huo Jim Grote, pamoja na binti yake Jane Grote Abell, wakainunua tena kampuni yao. Binti huyo alikulia ndani ya maduka hayo, na baadaye ndiye aliyekuja kukaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Umeuliza kwa nini mtu arudi. Maoni yangu ni kwamba Grote hakuwahi kuiona Donatos kama shamba la kuvunwa likishakomaa. Alikuwa na utaratibu alioujenga kwa miaka 36, na alipoona wenye mali mpya hawauhitaji tena, alikuwa na njia mbili tu: kuutazama ukipotea au kuuchukua. Tangu hapo wamekua kwa mwendo wao, na katika miaka ya karibuni piza yao imekuwa ikiokwa hata ndani ya migahawa ya baga ya Red Robin, kwa makubaliano, bila wao kulazimika kujenga duka jipya kila mahali.

Binti wa Ligula

Kaka Mwokaji, mimi ninafundisha mapishi, na ninamshukuru Msomaji kwa maelezo yake. Hata hivyo naona kabla ya jina na kabla ya mashine kuna swali la jibini na unga, na kwa upande huo mfano unaotufaa zaidi sisi wa kusini ni Imo's ya mjini St. Louis, jimbo la Missouri.

Imo's ilifunguliwa mwaka 1964 na mume na mke, Ed na Margie Imo. Ed alikuwa fundi wa kutandika vigae, na husimuliwa kwamba ndiyo sababu piza zao za duara hukatwa miraba midogo kama vigae vya sakafuni. Ukoko wao hauna hamira kabisa, ni mwembamba na mkavu wa kuvunjika kama biskuti. Jibini yao si mozzarella, ile ya kawaida ya piza, bali ni Provel, jibini ya kusindikwa inayochanganya cheddar, ya Kiswisi na provolone, iliyobuniwa kwa ajili ya soko la St. Louis katika miaka ya 1940. Inayeyuka kwa joto dogo na haivutiki nyuzi mtu anapong'ata. Mtu wa New York akiionja hushangaa, na wengine huikataa waziwazi, lakini mtoto wa St. Louis aliyehamia mbali huitamani kama sisi tunavyotamani korosho mbichi tukiwa ugenini. Leo Imo's ina maduka yapatayo 100, karibu yote Missouri na katika majimbo ya jirani ya Illinois na Kansas. Wamekaa palepale ambapo jibini yao inapendwa na ambapo magari yao yanafika, na wana zaidi ya nusu karne sokoni.

Sasa tazama njia zetu. Unga wa ngano tunaupata kutoka viwanda vya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Mozzarella tunayoitumia, isipokuwa ile ya kutoka nje, huteremka kutoka nyanda za juu, Njombe na Iringa, na tangu lami ilipokamilika kupitia Songea na Tunduru, jibini hiyo inaweza kuingia kwetu kwa upande wa Masasi. Maana yake Masasi iko karibu na jibini kuliko Shangani, na Lindi iko karibu na unga kuliko Shangani. Barabara za Lindi, Masasi na Mtwara hukutana Mnazi Mmoja, pale Mingoyo. Kama ningekuwa mimi, ningefikiria kuweka jiko kuu la kukandia na ghala la baridi pale njia panda, ili maduka yote matatu yapokee vitu vilivyotoka mikono ile ile.

Na ghala ni la lazima, si la fahari. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani pande zote mbili. Mwenye mifuko mitano ya unga alifunga duka kabla ya njia kufunguka. Ukiwa na duka moja, kufunga siku nne ni hasara yako peke yako, lakini ukiwa na matatu, wawili kati ya watakaofunga watakuwa wamekulipa fedha ili wasifunge.

Mwokaji wa Shangani, Mtwara

Dada Binti wa Ligula, hiyo ya Masasi kuwa karibu na jibini kuliko mimi sikuwahi kuiwaza, nami nimeifungua ramani nikakuta ni kweli.

Kuhusu kukandia mahali pamoja na kusafirisha, nina jambo la kuwaambia. Mwaka juzi niliombwa piza 40 kwa ajili ya shughuli ya harusi Lindi mjini, na kwa kuwa walikuwa na tanuri kule, niliamua kupeleka madonge yaliyokwisha kukandwa. Niliyapanga katika ndoo za plastiki zenye vifuniko, nikayapandisha basi la asubuhi. Tulipofika Lindi vifuniko vilikuwa vimeinuka, unga umemwagika hadi kwenye mizigo ya abiria wengine, na kilichobaki kilikuwa kimechacha, kinanukia pombe. Tulikanda upya kwa haraka na piza zilitoka ngumu. Wenye shughuli walikuwa waungwana na hawakunidai, lakini mimi nilidaiwa na nafsi yangu. Je, hao wenye maduka mamia hufanyaje?

Fundi Tanuri, Lindi

Ndugu yangu, madonge yako hayakuwa na kosa. Hamira ni kiumbe hai, na ndani ya basi lenye joto la nyuzi 30 na zaidi hufanya kwa saa mbili kazi ambayo kwenye jokofu ingeifanya kwa siku mbili.

Kampuni kubwa huwa na jiko moja la kukandia linalohudumia maduka mengi. Domino's, iliyoanzishwa Ypsilanti, Michigan, mwaka 1960, ilikua kwa mtindo huo: madonge hutengenezwa kwenye vituo vya pamoja, hupozwa, hupangwa kwenye trei na kupelekwa madukani kwa malori yenye baridi. Kwenye nyuzi 4 hivi hamira husinzia bila kufa. Donge lililokaa siku moja hadi tatu katika hali hiyo si kwamba limeponea tu, bali limekuwa bora, kwa sababu unga umepata muda wa kunywa maji yake na ladha imejengeka polepole. Kwa hiyo umbali wa Lindi au Masasi si tatizo kama donge limepoa hadi kiini kabla ya kuondoka na linasafiri ndani ya kasha lenye barafu. Usiliweke kwenye ndoo yenye kina, maana katikati ya rundo joto hubaki na kuendelea kuchachusha. Trei za kina kifupi, donge moja moja, lililopakwa mafuta kidogo.

Kisha uanze kupima kwa uzito, uachane na vikombe. Waokaji huchukua unga kuwa mia na kila kitu kingine kuwa sehemu ya mia hiyo. Kwa kilo 1 ya unga, anza na gramu 600 za maji, gramu 20 za chumvi na gramu 3 za hamira kavu ikiwa donge litalala kwenye jokofu. Kwa joto la pwani yetu maji yawe ya baridi kabisa, kwani mashine ya kukandia nayo huongeza joto. Mfuko mpya wa unga ukija, kanda kilo moja ya majaribio kwanza, kwa sababu unga wa mzigo huu hunywa maji tofauti na wa mzigo uliopita hata kama mfuko una nembo ile ile.

Tanuri ndilo jambo la pili. Tanuri la matofali la Napoli hupita nyuzi 430 na huivisha piza kwa dakika moja hivi, lakini linahitaji mtu aliyesimama mbele yake akiligeuza donge kwa jicho na mkono. Maduka ya matawi hupendelea tanuri la mkanda, ambamo piza huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili baada ya dakika tano hadi saba kwa nyuzi kama 250. Anayeona fahari kwa ufundi wake hulidharau, nami nililidharau kwa miaka mingi, lakini ndilo lililowezesha kijana wa mwezi mmoja kazini kuoka sawasawa na wa miaka kumi. Kama huna uwezo nalo, basi angalau maduka yote yawe na tanuri la aina moja na kipimajoto kinachosomeka. Ukimpa wa Masasi tanuri la kuni na wewe una la gesi, hamtafanana kamwe.

Na pweza wako umpime baada ya kuchemshwa, si kabla. Pweza hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake sufuriani, na wa leo hapotezi sawa na wa jana.

Msomaji wa Mikindani

Ninakubaliana na Fundi kwa kila neno, lakini ninapingana na dada yangu wa Ligula kuhusu Mnazi Mmoja. Kwa ramani ni sahihi, ila kwa mtu mwenye duka moja ni mapema mno. Jiko kuu la njia panda halina mteja wake lenyewe, kwa hiyo siku maduka hayajaagiza linakula fedha tu, na mbaya zaidi litamtoa Mwokaji katika jiko ambalo wateja wake wanalijua. Grote alibaki Columbus kwa miaka mingi kabla ya kutawanyika. Jiko la Shangani likiongezwa friza na mashine ya kukandia linaweza kuhudumia Lindi kwa safari mbili za wiki, kwa kuwa ni kilomita kama 100 tu. Mnazi Mmoja ije siku ambayo duka la tatu limesimama.

Mhasibu wa Masasi

Habari zenu. Ninaandika nikiwa Masasi, na huyo mfanyabiashara huenda ninamfahamu ingawa sitauliza ni nani.

Kwanza kuhusu mji wenyewe. Masasi inayoonekana Novemba si Masasi ya Juni. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakianza kuingia kwa wakulima, mji hujaa, pikipiki mpya zinanunuliwa, na duka lolote la chakula linafanya kazi hadi usiku. Ikifika Machi fedha hiyo imekwisha kwenda kwenye ada, ujenzi na madeni, na anayekula piza ni mtumishi wa serikali, mfanyabiashara na msafiri wa Tunduru. Kwa hiyo hesabu atakayokuletea ndugu yako, kama ameifanya kwa mauzo ya msimu, uigawe upya. Mimi ningeanza na miezi iliyolala. Kama duka linaweza kulipa mishahara na umeme kati ya Machi na Agosti, msimu utakuwa faida, na kama haliwezi, basi msimu utakuwa unafukia shimo.

Pili, mkataba. Katika biashara ya kukodisha jina, mwenye jina hupokea ada ya kuanzia, kisha sehemu ya mauzo, na nasisitiza ni ya mauzo, si ya faida, kwa sababu faida inaweza kupunguzwa kwenye karatasi kwa gharama zisizokwisha, ilhali mauzo yanaonekana kwenye risiti. Lakini kuna njia ya tatu ya kupata kipato, nayo ndiyo ningependa uifikirie. Angalia Debonairs ya Afrika Kusini. Ilianzishwa mwaka 1991 Pietermaritzburg na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu, Craig MacKenzie na Andrew Harvey, wakiwapelekea watu piza nyumbani. Katikati ya miaka ya 1990 ilinunuliwa na kundi la Steers, ambalo baadaye lilichukua jina la Famous Brands, nalo likaieneza katika nchi nyingi za Afrika. Kundi hilo halitegemei ada ya jina peke yake, kwa maana lina viwanda vyake na magari yake yanayoyauzia maduka bidhaa. Kila duka likiuza piza, mwenye jina ameuza jibini na mchuzi. Na duka likijaribu kununua kitu hafifu mtaani, mwenye jina anajua siku hiyo hiyo, kwa sababu oda imepungua. Kwako itakuwa hivi: muuzie ndugu wa Masasi madonge na mchuzi wa nyanya kwa bei ya haki, halafu ada ya jina iwe ndogo. Utakuwa umepata kipato na macho kwa pamoja.

Tatu, sajili alama ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kabla hujatia saini chochote. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti. Alama hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nilishuhudia mteja wangu mmoja akiuziwa jina lake mwenyewe na mtu aliyewahi kuwa mshirika wake, na hakuwa na karatasi hata moja ya kumpinga.

Mzee wa Nachingwea

Wanangu, nimesoma yote. Mimi si mtu wa piza, lakini wajukuu wangu wananiletea.

Nitasema la huku kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, wakitaka kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu. Walijenga reli kutoka Mtwara, na bandari yenu ya kina kirefu hapo Mtwara ilitokana na mradi huo. Matrekta yalikuja kwa mamia. Kufikia mwanzoni mwa 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 zimezama. Hawakuwa wamekosa fedha wala watu wenye elimu, ila walilima ekari elfu nyingi kabla ya kuuliza ekari moja inasemaje juu ya udongo na mvua. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi tulioiona tunajua tuta lake linapita wapi hadi leo.

Mwanangu Mwokaji, huyo wa Masasi mwambie aje akae jikoni kwako kwanza. Akivumilia moshi na usiku wa kukanda, utajua unampa nani jina lako.

Mwokaji wa Shangani, Mtwara

Mzee shikamoo, na wote mlioandika nawashukuru kwa muda mlioutoa.

Nimempigia simu ndugu wa Masasi jana jioni. Nimemwambia kwamba sitafungua naye msimu huu wa korosho, na kwamba kama bado ana nia, amtume kijana atakayeliendesha duka aje Shangani Machi, akae nami hadi mwisho wa Aprili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakuja mwenyewe. Hilo sikulitarajia, na limenifanya nimheshimu zaidi.

Kwa Lindi nitaanza na majaribio. Nimekubaliana na yule ndugu wa pili kwamba nitampelekea madonge 30 kila Ijumaa kwa wiki nane, auze piza za aina mbili tu, na tulinganishe kila wiki kwa kupima zilizookwa kule na zilizookwa huku. Trei za kina kifupi nimepata kwa fundi bati wa sokoni, kasha la barafu nimeazima kwa wavuvi, na mizani ya gramu nimeagiza mbili zinazofanana ili moja ibaki Lindi. Fomu za alama ya biashara nimeanza kuzijaza.

Fundi Tanuri, nimefanya jaribio la kwanza kwa vipimo vyako usiku wa kuamkia leo, maji ya baridi na gramu 3 za hamira. Asubuhi donge lilikuwa limekaa kimya kwenye trei, limeumuka nusu tu. Nimeoka mawili, moja nimekula mimi na lingine nimempa jirani anayenunua kila wiki, akaniuliza kama nimebadilisha unga. Mawili yaliyobaki nitayaoka kesho kutwa ili nione siku ya tatu inasemaje, na nikipata nafasi nitapita Lindi Ijumaa na la kwako kwenye kasha.